Kabla Hujafunga Mizigo: Nasaha kwa Anayetaka Kuhamia Ngerengere

Ndugu yangu unayetaka kuhama, bei ya ekari iwe swali lako la mwisho. Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Ngerengere ikawa moja ya vituo vyake, swali hilo ndilo linalotangulia hata salamu. Mtu anashuka stesheni, anautazama uwanda na milima ya Uluguru kwa mbali, anauliza ekari inakwendaje, na kabla ya treni ya kurudi ameshamkabidhi dalali fedha. Hajajua maji yanatoka wapi. Hajamwona mwenyekiti wa kijiji. Mkewe hana habari kwamba ametoka Dar.

Simlaumu kwa kutamani. Wazee wetu wengi hawakuulizwa. Mwaka 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, mamilioni ya watu walihamishwa kwa Operesheni Vijiji, na wapo walioacha miembe na makaburi ya wazazi wao kwa amri ya siku chache. Sisi tumepewa nafasi ya kuchagua. Nafasi hiyo ni neema, na neema ina adabu yake.

Anza nyumbani kwako. Kumpa mwenzi wako taarifa baada ya kulipa si kumshauri. Keti naye, mwulize anachokihofia, umsikilize hadi mwisho hata kama jibu lake linavuruga hesabu zako. Huenda mama mkwe anatumia dawa za presha na ana kliniki ya kila mwezi; basi kumbuka kwamba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Morogoro mjini, na ugonjwa wa usiku haungoji ratiba ya treni. Huenda mtoto yuko darasa la mtihani. Mwache amalize ndipo uhangaikie uhamisho. Huenda mkeo ana genge Mbagala na wateja aliowapata kwa miaka ya kuamka alfajiri. Ukimwondoa pale bila kumpangia pa kuanzia, umemwachisha kazi. Tuliyaona haya Serikali ilipohamia Dodoma, uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 uliokuja kutekelezwa kwa nguvu kuanzia Julai 2016. Ofisi zilihama, lakini zipo nyumba zilizogawanyika: baba Dodoma, mama na watoto Dar es Salaam. Mtumishi wa umma ana udhuru, kwa kuwa ameagizwa. Wewe unayehama kwa hiari huna udhuru huo.

Wapo wanaosema watalala Ngerengere na kufanya kazi Dar. Nawasihi wachukue kalamu. Katika nauli zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024, mtu mzima hulipa shilingi 9,000 kutoka Dar es Salaam hadi Ngerengere katika treni ya kawaida. Kwenda na kurudi ni 18,000. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi ni 396,000, kabla ya bodaboda ya alfajiri na daladala za jioni. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mwenye mshahara huo akibakiwa na laki moja na ushei, atawalisha nini watoto? Treni hii ni baraka kwa mwenye safari ya mara moja kwa wiki, kwa mfanyabiashara, kwa anayemfuata daktari. Kwa mwenye kipato kidogo anayetaka kusafiri kila siku, ni mzigo, na ni afadhali aambiwe mapema.

Kama utahama pamoja na riziki yako, usiitundike kwenye tegemeo moja. Ukanda huu una funzo lake. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakatanda kandokando yake. Wakaletwa manamba kutoka mbali, wengine kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha wafanyakazi. Watu waliacha mashamba yao Unyamwezini na Songea wakaja kuishi kambini. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaenea duniani, bei ikaporomoka, na kufikia mwisho wa karne uzalishaji haukufika hata robo ya kiasi hicho. Kambi zilipofungwa, aliyekuwa amepata japo kishamba nje ya kambi alibaki na pa kushika. Aliyekuwa na mshahara wa mkonge tu alizeeka kwenye chumba ambacho si chake. Kwa hiyo usihame kwa kutegemea kazi ya mkandarasi peke yake, wala fununu kwamba kiwanda kinakuja. Uwe na ufundi unaouzika, au mifugo, au bustani, au vyote.

Maji nayo yana majira. Aliyekuja Aprili, masika yamekolea, akaona kila kitu kijani, hajaiona Ngerengere. Rudi mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, uone ndoo zinavyopangwa na uulize dumu linauzwaje. Usihadaike na jina la mto. Mto Ngerengere unaanzia Uluguru, unaingia Bwawa la Mindu, unapita mji wa Morogoro na viwanda vyake ndipo ufike huku ukielekea Ruvu. Maji hayo usiyanywe kwa kuyatazama tu. Milima nayo huonekana karibu, lakini mvua inayonyesha kwenye miteremko yake ya mashariki si mvua ya uwandani. Hapa ni joto. Anayeota migomba na hali ya hewa ya Mgeta aende Mgeta.

Sasa nifike kwenye ardhi, maana hapa ndipo watu wema wengi hukosea kwa haraka. Ukishatoka kwenye viwanja vilivyopimwa vya mji, unaingia katika ardhi ya kijiji, na ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia, lakini haina ruhusa ya kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mtu mmoja, hata awe na cheo gani, hautoshi. Karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe na mashahidi wawili wa dalali haitoshi. Dai muhtasari wa mkutano, na ufuatilie hati ya hakimiliki ya kimila.

Juu ya sheria kuna desturi, nayo ina heshima yake. Kwa Waluguru, ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata mama. Anayekuonyesha shamba anaweza kuwa analima tu kwa haki aliyopewa na wajomba zake, au katika ardhi ya upande wa baba yake ambayo si yake kuuza. Hakudanganyi anapokuambia analima hapo tangu utoto. Anakudanganya akisema ni yake peke yake. Omba kuonana na wajomba. Omba kuonana na dada zake pia, kwa kuwa watoto wao ndio warithi. Na ukiazimwa shamba ulime, usipande mnazi wala mwembe bila ruhusa: tangu zamani huko mlimani mti wa kudumu ni dai la umiliki, na wenyeji watakuona mtu uliyekuja kunyang'anya.

Uliza pia mipaka. Ngerengere kuna kambi kubwa ya Jeshi la Wananchi, na hakuna bei nafuu itakayokuokoa ukijenga ndani ya eneo la jeshi. Hifadhi ya reli ni vivyo hivyo. Uliza njia za mifugo na mahali pa kunyweshea. Mkoa wetu unajua gharama ya kulipuuza hilo: Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Usinunue kipande kilichomo katika njia ya ng'ombe kisha ukamwita mfugaji mvamizi.

Ukishaamua, ondoka ulipo kwa wema. Lipa deni la dukani. Maliza hesabu za kikoba mbele ya wenzako. Waage majirani mchana, nyumba kwa nyumba, na kama ulimkosea mmoja, mwombe radhi kabla gari la mizigo halijafika. Chukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa. Mtu anayehama usiku huacha maneno nyuma, na maneno hayo husafiri.

Na ufikapo, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, ukiwa na barua yako mkononi, kabla hujaanza kumwaga mchanga. Wasalimie wazee kwa shikamoo hata kama gari lako ni kubwa. Wenyeji husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi usingoje kupewa, toka siku ya kazi za kijiji uchimbe mtaro na wenzio. Nenda msibani hata usipomjua marehemu, ubebe maji na kuni, ukae chini na waliokaa. Usizibe njia ya mguu inayopita kwenye kiwanja chako kwenda kisimani; ilikuwepo kabla yako, na watoto wa shule wanaipitia. Ukijaliwa kuchimba kisima, panga saa za majirani kuchota. Usiseme kila siku "kule Dar sisi tulikuwa..." Neno hilo linaumiza kuliko unavyodhani, nami nimeona nyumba nzuri zikibaki bila mtu wa kuzibishia hodi kwa ajili yake.

Kama baada ya kuuliza haya yote utaona familia haijaridhia, au hesabu hazikubali, baki ulipo. Hakuna aibu katika kubaki. Lakini kama moyo bado unakuita huku, usitoe hata shilingi kwanza. Mwombe mwenyekiti wa kijiji akuambie mkutano mkuu utakaa lini. Kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu. Njoo siku hiyo na mwenzi wako, mketi na wanakijiji, mwasikilize wanavyozungumza, kisha mwombe nafasi ya kujitambulisha.