Kigae Nacho Kina Kazi

Somo: Yeremia 18:1-6 na 19:10-11

Yeremia 18 tunaipenda sana. Chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye anakifinyanga upya. Tunasema amina, tunaenda nyumbani. Lakini sura inayofuata nabii anavunja gudulia mbele ya wazee, na hilo halitengenezeki tena. Udongo mbichi ukiharibika unauloweka na kuanza upya. Uliochomwa ukivunjika, hata ukiuloweka mwaka mzima haulainiki.

Sasa swali ni hili: mtu ambaye alishapita motoni, akawa chombo kamili, kisha akavunjika, ana nafasi gani kwetu? Nasema yule mzee wa kanisa ambaye ndoa yake iliisha. Yule mama ambaye duka lilifungwa, mkopo ukabaki. Yule kijana wa sifa aliyerudia pombe, kisha akatubu. Huwa tunawaombea urejesho, tukimaanisha kila kitu kirudi kama zamani, tena mara mbili. Na kisiporudi je?

Hebu tuwaulize wafinyanzi. Kule Nyanza kuna kina mama wanaochoma vyungu bila tanuri, kwa kuni na nyasi kavu, na moto huo hupanda haraka sana. Kule Kyoto, Japani, tangu karne ya 16, enzi za mfinyanzi Chojiro na mwalimu wa chai Sen no Rikyu, kuna bakuli za chai zinazoitwa raku. Jina hilo maana yake ni raha, lakini safari yake si raha: bakuli hutolewa tanurini kwa koleo likiwa jekundu kama kaa, likapoe nje hapo hapo. Udongo wa kawaida ungepasuka.

Udongo laini peke yake husinyaa sana ukikauka, na maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke hukosa njia, chombo kinalipuka. Kwa hivyo wafinyanzi wa moto wa aina hii huchanganya kitu kigumu: mchanga, au vigae vya vyombo vilivyovunjika, vikiwa vimesagwa. Kigae kilishasinyaa zamani, hakisinyai tena. Kinaupa mvuke njia, na kinazuia ufa usiendelee.

Ona basi. Kigae hakirudi kuwa chungu kile cha kwanza, na tusimdanganye mtu. Lakini chungu kipya kinakihitaji ili kipite motoni.

Mtu atauliza: kwani kuvunjika ni kuzuri? Hapana. Hakuna mfinyanzi anayevunja chungu kizima ili apate vigae. Tena kigae kikubwa kikiingia bila kusagwa, chungu kitapasuka hapo hapo. Kusagwa ndiko toba, kukubali kusahihishwa, kulipa deni pole pole, kukaa bila kipaza sauti kwa muda. Ila tusichanganye kusaga na kukanyaga. Anayesaga ni mfinyanzi, na ana kazi ya hicho kigae. Wanaokanyaga ni wapita njia, na umbea wetu baada ya ibada ni miguu yao.

Tuangalie sasa mambo yetu. Semina ya ndoa tunaita wale ambao hawajawahi kutikiswa. Semina ya biashara tunaita waliofanikiwa tu. Vijana wetu wanatoka hapo wakiwa udongo laini kabisa, halafu tunashangaa moto wa kwanza wa mkopo ukiwapasua. Aliyefilisika akajua kwa nini angewasaidia, lakini yeye tumemwachia kiti cha nyuma karibu na mlango.

Wiki hii, kwenye ushirika wa nyumbani, mkaribisheni mmoja wao. Msimwombee haraka haraka. Muulizeni kwanza alijifunza nini, kisha mnyamaze mumsikilize. Mungu awabariki.