RAMADHANI, SIKU YA 16: Kutoka ofisini hadi kwenye balo



Leo tuzungumze jambo linalotugusa hapa hapa Bariadi. Mtu ana ajira nzuri, mshahara unaingia kila mwezi, bima ipo. Anaacha kazi, anaenda kuuza mitumba. Mtaani maneno hayakosi: "Kasoma kote kule, leo anakung'uta nguo mnadani!" Wazee nao wanaona aibu, kana kwamba mtoto wao kafukuzwa.

Aibu hiyo tuiweke pembeni kwanza. Sayyidna Abubakar Swiddiq (r.a.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Imepokewa kwamba baada ya kupewa ukhalifa alibeba nguo zake begani akaelekea sokoni kuuza, mpaka Sayyidna Umar na Abu Ubayda (r.a.) walipokutana naye, akapangiwa posho ili apate muda wa kuwatumikia Waislamu. Kiongozi wa umma hakuona nguo begani inampunguzia heshima. Sisi ni nani?

Lakini jamani, kazi kuwa halali hakufanyi kila kinachotendeka ndani yake kuwa halali. Hapo ndipo swali la leo lilipo.

Ofisini kuna bosi, kuna daftari la kusaini, kuna mkaguzi wa hesabu. Ukichezea pesa, iko siku karatasi zitasema. Mnadani hakuna hayo. Leo uko Lamadi, wiki ijayo Mwanhuzi, mteja wa juzi huenda usimwone tena maishani. Nani anakukagua?

Tazama balo lenyewe. Unalinunua limefungwa kwa mikanda, mara nyingi kilo 45 hivi, pesa umeshatoa na ndani hujui kuna nini. Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharar, yaani ya kubahatisha, na alikataza pia watu kuuziana nguo kwa kuigusa tu bila kuikunjua na kuitazama. Kwa hiyo anayetaka kuingia kazi hii amuulize sheikh kabla ya kutoa mtaji: aina na daraja la nguo vikielezwa, inatosha? Nikikuta tofauti, nina haki ya kurudisha?

Haya, umefungua. Nusu ya balo ni matundu, madoa na zipu zilizokufa. Umepigwa. Na mtaji ule yalikuwa mafao yako ya kazini, na ada ya watoto inasubiri. Sasa inakuja sauti moja tamu: "Mimi nimepigwa, acha nami nipige kidogo nirudishe hela yangu." Tena msiseme ni shetani, mwezi huu amefungwa. Ni nafsi yenyewe. Unalikunja shati, tundu linabaki ndani, kola nzuri inabaki juu.

Sauti hiyo ina harufu ya haki, ndo maana inawapata hata watu wa safu ya kwanza. Lakini iangalie vizuri. Aliyekupiga yuko Mwanza, au Dar, au ng'ambo. Unayemlipiza ni mama wa Itilima aliyekuja na elfu tano yake amnunulie mtoto nguo ya Idi. Yeye kakudhulumu nini? Hasara ilipokuangukia wewe ilikuwa mtihani wako. Ukimtwisha yeye bila kumwambia, imegeuka dhulma, na mwenye dhulma hiyo ni wewe.

Imam Abu Hanifa (r.a.) naye aliuza nguo, kule Kufa. Inasimuliwa kwamba nguo moja ilikuwa na kasoro, akamwagiza mshirika wake amweleze mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, na mnunuzi hakujulikana tena alipo. Imam akaitoa sadaka pesa yote ya mzigo ule. Ona: hata kusahau tu, tena kwa mwenzake, kulimnyima usingizi.

Wala tusiwanyooshee vidole wauza mitumba peke yao. Simiyu ni mkoa wa pamba. Tunajua habari za pamba kumwagiwa maji na kutiwa mchanga ili mzani upande. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu chini, akamwambia mwenye mali kwamba kilicholowa kingewekwa juu watu wakione, kwani anayedanganya si katika sisi. Pamba yenye maji na shati lenye tundu lililokunjiwa ndani ni lundo lile lile.

Na wale mnaopita vijijini kununua vitu vya zamani, cherehani, redio, viti vya mninga, mkaviuze ghali mjini: Mtume (s.a.w.) alikataza kuwawahi wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Faida ni haki yako. Kumfanya mzee asiyejua bei kuwa ndiyo faida yenyewe, hapo jiulize.

Mtu atasema: "Nikitaja kila tundu, nitakula nini?" Swali la kweli hilo. Kuna siku utapata hasara, tusidanganyane. Lakini mtumba kuwa na kasoro si aibu, kila mtu anajua umevaliwa. Tenga mafungu: nzuri kwa bei yake, zenye kasoro kwa bei ya chini na kasoro yake ikitajwa, zilizochakaa kabisa wauzie mafundi gereji kama matambara. Kasoro inayoonekana inapunguza bei. Inayofichwa inaondoa baraka.

Sasa turudi kwenye funga yetu. Saa nane mchana, jua la Bariadi, chupa ya maji iko ndani ya kibanda na hakuna anayekuona. Hunywi. Kwa nini? Kwa sababu unajua Yupo anayeona. Basi macho yale yale yanaliona shati unapolikunja. Anayeweza kuacha maji yake ya halali kwa ajili ya Allah, hashindwi kuacha elfu tano ya mwenzake.

*La kufanya leo:* kila mwenye biashara achague bidhaa moja yenye kasoro, aiweke juu, na amwambie mteja kabla hajauliza.

Allah atujaalie riziki ya halali, atutakabalie swaumu zetu, na awafungulie waliojiajiri milango ya kheri. Amin.

Mtumie na mwenzako wa sokoni.