NYUMBA YANGU LINI?

Somo: Mwanzo 30:25–43 na 31:38–42

Ujumbe huu nilianza kuuhubiri Bungoma, nikaumalizia hapa Kitale, na wengi mmeomba uandikwe ili muutume kwa jamaa walioko ng'ambo. Sawa, utumeni. Lakini wewe uliyebaki nyumbani, usome kwanza wewe.

Yakobo alikuwa mgeni kule Harani. Alivuka Yordani akiwa na fimbo tu mkononi. Tunapomkuta katika somo letu amemtumikia mjomba wake Labani miaka 14, ana wake na watoto wengi, Yusufu ndiyo kwanza amezaliwa. Kundi la Labani limejaa bonde, lakini la Yakobo halipo. Ndipo anamwambia mjomba, kwa maneno yangu mimi: Ulikuwa na kidogo nilipokuja, sasa kimekuwa kingi. Je, nyumba yangu mwenyewe nitaiangalia lini?

Mwambie jirani yako: nyumba yangu lini?

Kwanza, swali hilo si dhambi. Tuna tabia ya kumwambia mgeni, "Shukuru hata una kazi." Kushukuru ni vyema. Lakini kuna kibarua cha kuvukia mto, na kuna kazi ya kujengea nyumba, na Mungu hakumkemea Yakobo alipotaka kutoka katika kile cha kwanza aingie katika hii ya pili.

Kuna ndugu tuliyemwombea hapa madhabahuni kabla hajasafiri na mke na watoto watatu kwenda Marekani kwa ile bahati nasibu ya grini kadi. Hapa alikuwa mwalimu, watu wakimwita "mwalimu" mpaka sokoni. Kule kila jimbo lina leseni yake ya ualimu, na cheti chake hakikumwingiza darasani. Leo anafanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Ni kazi ya heshima mbele za Mungu, msiidharau. Lakini akitoka asubuhi anapishana na mke mlangoni akienda zamu ya mchana, na watoto wanawaona wazazi kwa zamu pia. Soma Mwanzo 31:40 uone: Yakobo anasema jua lilimla mchana, baridi usiku, na usingizi ukamkimbia. Zamu ya usiku haikuanza jana!

Pili, Yakobo alianza na ujuzi aliokuwa nao, na alianza chini kabisa. Aliomba mshahara wake uwe wanyama wenye madoa. Siku hiyohiyo Labani akawatoa wenye madoa wote, akawapa wanawe, akawapeleka mbali mwendo wa siku tatu. Kwa hiyo Yakobo alianza na sifuri. Alichobaki nacho ni Mungu na elimu ya mifugo. Mungu akamwonyesha ndotoni, lakini asubuhi bado aliamka akaenda na fito zake kwenye birika la maji. Hivyo hivyo kwa miaka sita. Imani haikumwondolea kazi ya kila siku. Kuna Amina hapo?

Ndiyo maana nawaambia vijana wetu: omba, kisha uliza ngazi iko wapi. Kule Marekani sheria ya nchi inataka msaidizi wa muuguzi asomee angalau saa 75 kabla ya kupewa cheti, na majimbo mengine yanataka zaidi. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Juu yake kuna masomo ya uuguzi wenyewe na mtihani wa NCLEX, na mtu akifika huko ana kazi ambayo haimwachi njiani. Anahitaji miaka na karo, na usiku kadhaa wa kusoma badala ya kufanya ovataimu. Nawe unayetaka kusafiri, usimpe wakala pesa kabla ya kuhakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mgeni aliyeanza na deni ameanza chini ya sifuri.

Tatu, Yakobo hakuamua peke yake. Kabla ya kuhama aliwaita Raheli na Lea malishoni, akawaeleza mambo yote, nao wakampa jibu lao (31:4–16). Baba, ukiwa ugenini mkeo si wa kupewa taarifa tu. Kaeni chini mkubaliane nani asome kwanza na nani ashikilie kodi ya nyumba, halafu mbadilishane. Nyumba nyingi zimevunjika ugenini kwa sababu kila mmoja alikimbia njia yake, wala si kwa njaa.

Sasa, wapendwa, Labani ni nani? Mkisikia jina hilo mnamfikiria mwajiri mkali wa kizungu. Someni tena. Labani alikuwa jamaa! Alikuwa mjomba, alikuwa mkwe, na ndiye aliyebadilisha mshahara wa Yakobo mara kumi. Leo ni karo, kesho ni mabati, keshokutwa ni matanga, halafu harambee ya harusi, halafu pikipiki ya binamu. Yule ndugu yetu ametenga pesa ya muhula wa kwanza, simu inalia kutoka Bungoma, pesa inarudi nyumbani, naye anarudi zamu ya usiku. Tunamwita tajiri, kumbe tunamkamua mbuzi ambaye hajazaa.

Sisemi asimsaidie mama yake. Kuwaheshimu wazazi ni amri. Nasema familia ikae kikao, ikubaliane kiasi na tarehe, kisha imwache asome. Akipanda ngazi, hata mama atakula vizuri zaidi.

Na Labani mwingine yuko hapa Kitale. Wageni wanakuja kwetu pia, na watoto mgongoni. Wanavuka kutoka Uganda pale Lwakhakha, wengine wanatoka mbali zaidi. Wanalima mashamba yetu ya mahindi. Umemwahidi mtu pesa kwa ekari, akimaliza unampa debe la mahindi. Huko ni kubadilisha mshahara! Huyo mgeni huenda ni fundi wa kuchomelea asiye na karatasi. Badala ya kumweka shambani miaka 14, mwelekeze NITA apimwe ujuzi wake apate cheti. Akila na Prisila walifukuzwa Rumi wakawa wageni Korintho, wakashona mahema, na nyumba yao ikawa mahali pa Injili. Unajuaje ni nani unayemlipa debe?

Wiki hii nawapa kazi moja. Mpigie simu ndugu yako aliye ugenini, na usimwombe kitu. Muulize, "Nyumba yako inaendeleaje? Masomo je?" Kisha mwombee hapohapo kwenye simu. Wengine watanyamaza kwanza, wakingojea useme shida yako. Wewe sema Amina, ukate simu.

Tuombe. Bwana, uliyeyaona mateso ya Yakobo na kazi ya mikono yake, waone watoto wetu walio ugenini na wageni walio kwetu. Wape kazi isiyowala usingizi na watoto wao. Nasi utuondolee moyo wa Labani. Katika jina la Yesu, Amina.