Sijakugusa

“Wewe mwenyewe hiyo! Sijakugusa!”

Nimelala chali kwenye benchi, dambeli ya kilo 24 katika kila mkono. Rafiki yangu amesimama nyuma ya kichwa changu, vidole vyake vimeshika vifundo vya mikono yangu, na vinavuta. Navihisi. Kumi na moja. Kumi na mbili! Nainuka natweta, tunagonga ngumi.

Kwa miezi mitatu nilijiita mtu wa kilo 24. Kisha akasafiri. Jioni ya kwanza nikiwa peke yangu, mara ya tano tu, mkono wa kushoto uligoma. Ukisukuma chuma kirefu, mkono wenye nguvu huweza kumbebea mwenzake mzigo kimyakimya. Kwa dambeli, kila mkono hujijibia. Kiwiko kilipanuka kama bawa, chuma kikaanguka sakafuni, na bega likaniuma wiki tatu.

Je, rafiki yangu alinikosea?

Katika insha yake ya mwaka 1797, Immanuel Kant alikataa uongo hata kwa muuaji anayemsaka rafiki yako. Anayesema uongo, hata kwa nia njema, alisema, atawajibika kwa matokeo yake. Zamani nilimwona mkali kupita kiasi. Nikiwa na barafu begani, nilimwelewa kidogo.

Lakini kesi yangu ina shimo: sikudanganywa. Vidole vile nilivihisi. Yeye alitamka uongo. Mimi ndiye niliyekwenda kila jioni kuusikiliza. Na zamu yake ilipofika, nilisimama nyuma yake nikisema yale yale.

Nimeanza upya na kilo 14. Nyayo zimekanyaga sakafu, mabega yamevutwa nyuma na kukaa imara kwenye benchi, vifundo vimenyooka, viwiko vikiwa kama nyuzi 45 kutoka mbavuni. Nashusha taratibu mpaka kifua kivutike, nasukuma bila kudundisha. Mara nane. Nane kweli. Vijana wa benchi la pili hutazama dambeli zangu, kisha hutazamana. Hilo nalo lina uzito wake.

Sidhani kosa lilikuwa kusaidiwa. Mtu akikwama chini ya chuma, kumwacha hapo eti kwa heshima ya ukweli ni ukatili. Kosa lilikuwa kuuficha ule mkono. Msaada uliofichwa humnyima mtu kujua nguvu zake zinaishia wapi, na asipojua hapo, hajui pa kuanzia.

Jana rafiki yangu alirudi. Alipokwama mara ya saba, nilimshika, tukamaliza nane.

“Ngapi zangu?” aliuliza, akihema.

“Sita. Mbili zetu.”

Alininunia mpaka tulipokuwa tunafunga mabegi. Kisha akauliza, bila kunitazama: “Na ile miezi mitatu?”

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kuhesabu.