Siku ya Hafidh na Suala la Riya

Kila mwaka, tarehe 20 ya mwezi wa Mehr kwa kalenda ya Kiirani, ambayo huangukia karibu na tarehe 12 Oktoba, mji wa Shiraz humuadhimisha Hafidh, mshairi wake aliyefariki mnamo mwaka 1390. Watu hukusanyika bustanini penye kaburi lake, chini ya kuba la shaba lililobebwa na nguzo nane. Tungo husomwa na hotuba hutolewa.

Jina lake lamtambulisha kuwa aliihifadhi Kur-ani. Naye ndiye aliyeijaza diwani yake mvinyo, walevi na nyumba za ulevi. Wako wasemao kuwa mvinyo huo ni mahaba ya Mola. Wako washikiliao kuwa ni wa zabibu tu. Mfasiri anayeandika mahaba palipoandikwa mvinyo humtetea mtu asiyeomba mtetezi, na anayeling'ang'ania kombe peke yake humpunja vilevile. Lakini ubishi juu ya kilichomo kombeni umewasahaulisha wengi nani hasa alikuwa akisutwa.

Mwaka 1353 Mubariz al-Din Muhammad aliiteka Shiraz. Akazifunga nyumba za ulevi, akajifanya muhtasibu wa maadili ya raia, huku mkono wake mwenyewe ukijulikana kwa kumwaga damu. Mwaka 1358 mwanawe, Shah Shuja, alimpindua na kumpofua macho. Hafidh aliyaona yote hayo. Mlevi wa tungo zake hasifiwi kwa ulevi wake. Anathaminiwa kwa kuwa dhambi yake iko wazi na hamhadai mtu. Anayeshambuliwa ni yule aliyeivisha dhambi yake joho la ibada, na hapo hata masufi hawakusalimika.

Ikiwa ndivyo, yafaa kuulizwa: mtu aweza kumsifu mshairi wa namna hiyo bila ya kujihesabu mwenyewe? Hotuba za maadhimisho, popote pale, zina wepesi wake. Msemaji hulaani riya ya zama zilizopita, hupigiwa makofi, akarudi kitini kama alivyoondoka. Muhtasibu naye angeliweza kuisoma hotuba ile.

Wairani wana ada nyengine, ya kupiga fali kwa diwani ya Hafidh, hasa usiku wa Yalda. Mtu hunuia jambo lake, akafungua kitabu, akasoma kilichomtokea. Wenye elimu huicheka ada hii, na watu wa pwani waliokatazwa ramli tangu utotoni watakuwa na lao la kusema. Hata hivyo mpiga fali ana jambo moja alilomshinda mhutubu: amekuja na siri yake, akakubali kujibiwa. Huenda akaangukia ubeti unaomsuta yeye mwenyewe, akakifunga kitabu kimya kimya, asimsomee mwenziwe.