Haki na Rehema kwenye Ukingo wa Reale

Ipo sarafu ya fedha ambayo bibi zetu wa pwani waliiita reale. Ina sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, mwaka aliofariki. Lakini mwaka huo hauthibitishi umri wa sarafu. Kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani yetu, Arabuni na Uhabeshi waliiamini, iliendelea kutengenezwa Vienna, na baadaye hata Rome, London na Bombay, hadi karne ya 20, ikiandikwa 1780 ile ile.

Siku moja mama mjane wa mtaani kwetu aliniomba nimsindikize Kariakoo. Alikuwa na reale nne alizoachiwa na mama yake, na ada ya mjukuu ilikuwa inadaiwa. Sonara akazipima: kila moja gramu 28, uzito wake halali. Sumaku haikuzivuta. Akasugua moja kwenye jiwe, akadondoshea tindikali. Ilikuwa fedha ya kweli.

Dukani alikuwepo mnunuzi mpenda vitu vya kale. Alisoma 1780, akataja bei iliyozidi mara kadhaa thamani ya fedha yenyewe. Mama akanitazama kwa furaha. Mimi niliwahi kumsaidia sonara ujanani, na kwa alama zake nilijua kwamba reale zile ni za miaka ya baadaye sana. Sonara aliinamia mizani yake. Hakuna aliyetamka uongo. Tarakimu ndizo zilizosema.

Je, kunyamaza kwangu kungekuwa dhambi? Nilijitetea moyoni: huyu anacho, mjane hana, na Mungu ni mtetezi wa wajane. Lakini nilimkumbuka Ibrahimu katika Mwanzo 23, alipompimia Efroni shekeli 400 mbele ya watu wote. Kupima mbele ya watu maana yake ni kwamba ninachokijua mimi juu ya mali, nawe ukijue. Mizani iliyo sawa haitoshi kama ujuzi umefichwa chini ya meza.

Nikamvuta mama pembeni, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie, baba. Pesa ya namna hiyo nitamlipiaje mtoto ada?" Mnunuzi aliposikia, alizichukua kwa bei ya uzito wa fedha tu. Ada haikutimia.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya ukingo wa sarafu ile. Umezungushiwa maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na rehema. Yako pamoja, na mtu akikwangua ukingo ili aibe fedha kidogo, anaharibu maandishi hayo.

Rehema niliyotaka kumtendea mama dukani ingetoka katika mfuko wa mtu mwingine, pasipo ridhaa yake. Hiyo si rehema, ni ukarimu wa mwizi. Rehema ya kweli ilikuwa ikinisubiri nje, kwenye kituo cha daladala, mama alipohesabu noti zake na kuona zimepungua. Siku ile nilimlipia nauli, nikajiona nimetenda mema. Ilinichukua majuma matatu kumpelekea kilichopungua kwenye ada.

Haki tuliitenda kwa dakika tano, kwa gharama ya mjane. Kwa nini rehema, iliyokuwa kwa gharama yangu, ilinichukua majuma matatu? Swali hilo bado linanipima.