Je, Chema Bado Chajiuza?

Wazee wetu walituachia neno lisemalo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tuliofundisha miaka mingi tulilitumia sana darasani, hasa kwa watoto wa kujisifu. Sasa neno hilo limeulizwa swali. Dada mmoja fundi cherehani, mwenye kazi safi kabisa, ametuuliza kama ni vibaya Mkristo kujitangaza katika mitandao ya kijamii. Wenzake wanamwambia kwamba asipojitengenezea chapa yake atakufa njaa. Mama yake anamwambia huko ndiko kujitembeza kwenyewe. Alitaka jibu la ndiyo au siyo, lakini jambo lenyewe halikubali jibu fupi hivyo, nasi twaomba tulipime pamoja.

Tuanze na neno chapa. Wafugaji hupiga chapa ng'ombe kwa chuma cha moto ili akipotea ajulikane ni wa nani. Chapa haisemi kwamba ng'ombe huyu ana maziwa mengi. Yasema tu kwamba ana mwenyewe, na mwenyewe aweza kuulizwa. Wenye viwanda wakaifuata njia hiyo hiyo. Uingereza ilipofungua daftari la alama za biashara, alama ya kwanza kuandikishwa, tarehe 1 Januari 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya watengenezaji wa bia waitwao Bass. (Wasiokunywa watusamehe, historia haikutushauri.) Haja ilikuwa ya kweli, maana bia ile ilisafiri mbali, na mnywaji hakumjua mpishi wake. Kijijini, ambako kila mtu anamjua mfinyanzi, chungu hakihitaji alama. Kikivuja, mfinyanzi ataonekana Jumapili na ataulizwa.

Methali yetu ilizaliwa katika kijiji cha namna hiyo. Tukiitazama vizuri, twaona kwamba chema hakikujiuza hata siku moja. Kiliuzwa na vinywa vya majirani. Mtu alivaa kanzu iliyokaa vizuri, mwenzake akamwuliza nani kakushonea, basi. Leo dada yetu ana wateja watarajiwa katika miji asiyopata kuifika, na jirani wa kumsemea huko hana. Kumwambia anyamaze ni sawa na kumwambia afungue duka kisha asifungue dirisha. Hapo, kwa heshima zote, hatukubaliani na mama.

Lakini hatujamaliza, maana wenzake nao wana neno lao, nalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi.

Walimu twaijua alama ya vema. Mwalimu huiweka baada ya kuisoma kazi. Mtoto akijiwekea vema mwenyewe katika daftari lake, hata kama hesabu ameipata, alama ile ni bure, kwa kuwa kazi yake ni kusema kwamba mtu mwingine amekagua. Je, mwalimu akianza kuziuza?

Jambo hilo limetokea, na mbele ya ulimwengu mzima. Mtandao ulioitwa Twitter ulianza mwaka 2009 kuweka vema ya buluu kando ya majina ya watu mashuhuri na mashirika, kwa sababu wadanganyifu walikuwa wakiandika kwa majina ya wengine. Vema ile haikusema kwamba mtu ni mwema. Kama chapa ya ng'ombe, ilisema kwamba ni yeye kweli. Oktoba 2022 tajiri Elon Musk aliununua mtandao huo kwa dola zipatazo bilioni 44, na mwezi uliofuata vema ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Hazikupita siku nyingi, mtu mmoja akajiandikisha kwa jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akalipia vema, akatangaza kwamba insulini sasa ni ya bure. Kampuni ikabidi ikanushe na kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Fikirini mgonjwa wa kisukari aliyeyasoma maneno yale akaamini! Uchungu wazidi tukikumbuka kwamba wagunduzi wa insulini waliiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isishikwe na wachache.

Mwaka 2023 mwenye mtandao akafuta na jina lenyewe, akauita X. Hata hivyo watu wengi waliendelea kusema Twitter. Mwenye mali alikuwa na uwezo wa kubomoa kibao, lakini lile jina lilikuwa vinywani mwa watu, na huko hakuwa na ufunguo. Desemba 2025 Tume ya Ulaya iliutoza mtandao huo faini ya yuro milioni 120, na mojawapo ya sababu ilikuwa vema ile iliyouzwa, kwamba inawadanganya watumiaji.

Kwa hiyo twaona tofauti ambayo wale wenzake dada yetu hawaioni. Wanasema jitengenezee chapa, kana kwamba jina jema ni kitu cha kushonwa chumbani kikakamilika. Mtu aweza kutengeneza alama, rangi, na picha za kupendeza. Kuaminiwa hawezi kujipa, apewa na wengine, tena polepole, baada ya kukaguliwa. Akitafuta njia ya mkato anabaki na vema aliyojiwekea mwenyewe. Hata ile hesabu ya wanaopenda, ambayo Facebook iliianza Februari 2009 kwa kitufe chenye kidole gumba, haisemi nani amevaa nguo na nani amepita tu akabonyeza.

Tulimwambia dada haya: apige picha nguo alizoshona kwa mkono wake, si za kuokota kwa watu wa mbali, aandike bei na mahali anapopatikana, na mteja akilalamika hadharani kwamba mshono umefumuka, asiyafute maneno yake, bali ajibu papo hapo kwamba ailete nguo airudie bila malipo. Hilo la mwisho halikumpendeza. Alisema washindani wake wanafuta malalamiko yote, na kuna anayenunua wafuasi kwa maelfu, naye ndiye mwenye wateja wengi mtaani. Ni kweli, tunamjua. Dada yetu ana watoto watatu na kodi ya chumba. Hatukuweza kumwahidi kwamba atauza kuliko yule, wala hatukumwahidi. Alisema ataijaribu njia yetu mpaka Pasaka, kisha ataangalia daftari lake la mauzo.